Ruhusa ya Kukata Mti Alioupanda Mwenyewe

Mama mdogo alinipigia simu jioni moja ya mwezi Februari, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi nyumbani kwangu hapa Moshi mjini. Alinisalimia kwa kirefu kama ilivyo desturi yake, akauliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina yao, kisha akanyamaza kidogo na kusema: "Mwanangu, nilikuwa naomba ruhusa yako. Bati za jikoni zimeoza na masika yanakaribia. Naomba nikate mgrevilea mmoja, ule wa kule chini karibu na mfongo wa maji, niuze mbao." Nilimjibu haraka kwamba akate tu, hakuna shida, na simu ilipokatika sikuweza kuendelea na kazi. Mti ule aliupanda yeye. Nakumbuka mwenyewe, nikiwa kijana wa sekondari niliyekwenda kwao likizo, nikimwona amebeba mche kwenye mfuko wa nailoni mkono mmoja na jembe mkono wa pili, na binti yake wa pili akiwa mgongoni. Mti umekua, mtoto amekua, na mwanamke aliyewalea wote wawili ananiomba mimi, mtoto wa shemeji yake, ruhusa ya kuukata.

Madaraka hayo ya kumruhusu niliyapata kwa kusaini karatasi. Baba mdogo alifariki mwaka 2013, akaacha mjane na mabinti watatu, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kiko upande wa Uru, juu ya mji. Ni eka moja isiyotimia, yenye migomba, kahawa iliyozeeka, migrevilea kandokando ya mfongo, na makaburi ya babu na bibi nyuma ya nyumba, yaliyozungukwa na mimea ya masale. Siku ya kumaliza msiba wanaume wa ukoo tulikaa barazani, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapita, na baba mkubwa, ambaye ndiye anayeongoza vikao vyetu, akayasema mambo ambayo kila mmoja alikuwa anayajua kabla hayajatamkwa: madeni ya marehemu, nani atakuwa msimamizi wa mirathi, na kihamba kitakwenda kwa nani. Kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kiume, ardhi ingekwenda kwa mtoto wa kiume wa kaka wa marehemu. Kaka yangu wa kwanza alikuwa tayari ameshapewa sehemu ya babu, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa anasubiri nyumba ya baba yetu, kama utaratibu wa Wachagga unavyotaka kwa kitindamimba. Kwa hiyo jina likabaki langu.

Muhtasari uliandikwa na binamu yangu kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la shule, ukurasa ukachanwa, tukasaini watu kumi na mmoja. Mama mdogo hakuwapo barazani. Alikuwa jikoni na wanawake wenzake wakichochea mtori, na kutoka jikoni hadi barazani ni hatua kama kumi na tano. Mabinti walikuwa wakipita na maji ya kunawa. Yule mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyenimiminia maji mikononi nilipomaliza kuweka saini yangu, na mimi nilinawa na kumwambia asante.

Ninataka jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo linalofanya swali la kama mila zenye madhara zipingwe au ziachwe kuwa gumu kuliko tunavyolichukulia. Hakuna aliyemfukuza mama mdogo. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemnyang'anya godoro wala sufuria, hakuna aliyemlazimisha arithiwe na shemeji kama ilivyokuwa zamani. Ilisemwa waziwazi kwamba ataishi pale mpaka Mungu atakapomchukua, atakula ndizi, atauza maziwa ya ng'ombe wake, na mimi nitakuwa mwangalizi. Kila mtu aliondoka akiamini kwamba tumefanya wema. Na kwa miaka saba mimi pia niliamini hivyo, mpaka siku ile ya simu, nilipotambua kwamba mwanamke wa miaka hamsini na minane, aliyepalilia udongo ule kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa anaishi kama mgeni anayechunga asije akamkera mwenye nyumba, na kwamba mwenye nyumba huyo ni mimi, ninayefika pale mara nne au tano kwa mwaka.

Wiki ile nililileta jambo hili kwa walimu wenzangu wakati wa chai, nikauliza kama mila ya namna hii inapaswa kupingwa au kuachwa. Jibu la kwanza lilinishangaza kwa jinsi lilivyokuja haraka. Mwenzangu mmoja, mtu mwema ninayemheshimu, alisema kwamba mila zenye madhara ni kama ukeketaji na kuwaoza watoto wa shule, mambo ya huko kwa wafugaji, na hayo lazima yapingwe kwa nguvu zote. Lakini hili la vihamba si mila yenye madhara, ni utaratibu tu. Wengi wakaafiki. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu naona ndani yake namna tunavyojikinga. Mila mbaya huwa ni ya jirani, na ya kwetu huitwa utaratibu.

Na hata hilo la ukeketaji si la jirani peke yake. Bibi yangu mzaa baba alikeketwa, na bibi wa kila rafiki yangu niliyekua naye mlimani alikeketwa vilevile, kwani ilikuwa desturi ya Wachagga kama ilivyokuwa ya makabila mengine ya kaskazini. Kwetu ilififia taratibu, kizazi hadi kizazi, pale mama mmoja mmoja alipoamua kwamba kwa binti yake haitafanyika, na mabibi wakakubali kunyamaza. Nchi nzima imekuwa ikielekea huko huko, ingawa kwa mwendo usiolingana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 1996 ulikuta wanawake waliokeketwa ni asilimia 18 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, ule wa mwaka 2015 na 2016 ukakuta asilimia 10, na ule wa mwaka 2022 asilimia 8. Hata hivyo, katika huo wa 2015 na 2016 Manyara ilikuwa na asilimia 58, Dodoma 47 na Arusha 41. Mtu anayesafiri kwa basi kutoka Moshi hadi Arusha kwa mwendo wa saa mbili hivi anapita katikati ya tofauti hiyo bila kuiona kwa macho.

Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15. Ninaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, na sitaki neno langu lolote lisomwe kama kuitilia shaka. Lakini tunajua kilichotokea mahali ambapo sheria ilifika peke yake bila mazungumzo: sherehe iliyokuwa ikifanyika mchana kwa ngoma ikahamia usiku bila ngoma, na umri ukashuka, hata ngariba wakaanza kuitwa kwa watoto wachanga, kwa sababu mtoto mchanga hawezi kwenda kumweleza mwalimu wala polisi. Wapo wanaoutumia ukweli huo kusema kwamba afadhali mila ziachwe zife zenyewe. Mimi naona unafundisha jambo jingine, kwamba anayeipinga mila lazima afike mahali ambapo mila hiyo huamuliwa, na aongee na wale wanaoiamua.

Historia ya jirani zetu wa Kenya inalionyesha hilo kwa uchungu. Mwaka 1929 wamisionari wa Kanisa la Scotland na baadhi ya wenzao katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini waikane hadharani desturi ya kuwatahiri wasichana, na maelfu ya waumini wakaamua kuliacha kanisa na kuimarisha shule zao huru. Desturi iliyokuwa ikibishaniwa ndani ya nyumba ikageuka kuwa bendera ya kupinga wakoloni. Mwaka 1956 huko Meru ya Kenya, baraza la wazee la Njuri Ncheke, likiwa na idhini ya serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji, na wasichana kwa maelfu wakachukua nyembe na kukatana wenyewe kwa wenyewe. Walipewa jina la Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Kila ninaposoma habari zao ninawaza kuhusu wale mabinti, waliokuwa tayari kuumia ili kuthibitisha kwamba hakuna mtu wa nje mwenye amri juu yao, na ninawaza pia kwamba wazee waliokaa kuandika ile marufuku hawakuwaita mabinti wenyewe wala mama zao. Barazani palikuwa na wanaume, na jikoni palikuwa na wanawake, kama kwetu.

Kwa hiyo ninaichukulia kwa uzito hoja ya wanaosema waachieni wenyewe. Ninachouliza ni wenyewe ni nani. Mama mdogo naye ni mwenyewe. Ameishi ndani ya mila hiyo miaka mingi kuliko mimi, amepika kwenye misiba yake, ameimba nyimbo zake, amewafundisha watoto salamu zake, na anaijua kuliko binamu yangu aliyeandika muhtasari, ambaye amekulia Dar es Salaam na Kichagga chake ni cha kubahatisha. Tunaposema mila iachwe kwa wenyewe, mara nyingi tunakuwa na maana kwamba iachwe kwa wale wanaofaidika nayo. Kuiacha si kukaa kando. Siku niliyosaini sikuitetea mila wala sikuipinga, nilikaa kimya tu, na kimya changu kilinipa kihamba.

Kuna jambo jingine ambalo nililijua nikiwa nimechelewa, nalo linahusu ukale wa mila yenyewe. Wengi wetu tunaamini kwamba tunafuata neno la mababu lililoshuka hivyo hivyo tangu enzi za mamangi, watawala wetu wa zamani. Lakini kihamba cha babu wa babu yangu hakikuwa na bei. Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea, vyama vya ushirika vikaundwa, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikaanzishwa mwaka 1933, na shamba lililokuwa la migomba likaanza kuingiza fedha. Ndizi zilikuwa za mwanamke na kahawa ikawa ya mwanamume, na thamani ya ardhi ikahamia upande wa kahawa. Leo kahawa hiyo imezeeka na thamani imehamia kwenye viwanja, na vijana wa kiume wa mlimani wanauza vihamba vya babu zao vipande vipande kwa watu wasiowajua, bila kikao kuitwa. Sijasikia mtu akisema kwamba hao wameacha mila.

Tena mengi yanayotajwa mahakamani kuwa mila yaliandikwa na serikali. Mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilitoa agizo la kutangaza sheria za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na halmashauri za wilaya nyingi zikalipokea. Katika kanuni zake za urithi, mtoto wa kwanza wa kiume ni mrithi wa daraja la kwanza, wana wengine wa kiume ni wa daraja la pili, na mabinti wote, hata wakiwa wakubwa kuliko kaka zao, ni wa daraja la tatu. Mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Na mjane, kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, hana fungu katika urithi. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Nilipoisoma kanuni hiyo ya mwisho nilikaa nayo kwa muda mrefu, kwa sababu imeandikwa kwa maneno ya upole sana. Kabla ya kuandikwa, wazee walikuwa na nafasi ya kupima: mjane huyu amefanya kazi gani, binti huyu amemuuguza baba yake kwa muda gani, kijana huyu ni mlevi kiasi gani. Maandishi yaliufunga mlango huo, kisha sisi tukauita mlango uliofungwa mila.

Mahakama zenyewe zimesema mambo mawili tofauti. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza aliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake na kuliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na mtoto wa kaka yake akamshtaki kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Jaji alisema kwamba baada ya haki za binadamu kuingizwa kwenye Katiba, mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale aliyo nayo mwanamume. Lakini mwaka 2006, wajane wawili wa Shinyanga walipokwenda Mahakama Kuu kulipinga lile agizo la 1963, walijibiwa kwamba ni kweli kanuni zile zina ubaguzi, ila mila haiwezi kubadilishwa kwa hukumu. Rufaa yao ikaanguka mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi, na ilipofika mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema kwamba nchi yetu ilizivunja haki zao. Wakati huo wote Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuwepo, nayo inatamka wazi kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sheria ilikuwepo siku tuliyosaini. Tulikuwa barazani watu kumi na mmoja, walimu wawili na mstaafu mmoja wa serikali miongoni mwetu, na hakuna aliyeitaja.

Ningeweza kwenda kwa mwanasheria. Niliamua kuanza na isale. Kwa asiyetoka mlimani, isale ni mmea wenye majani marefu membamba unaopandwa mipakani na kuzunguka makaburi, na jani lake ndilo mtu hubeba anapokwenda kumwomba msamaha aliyemkosea. Nimefundishwa tangu utotoni kwamba isale halirudishwi. Jumamosi moja ya mwezi Septemba nilipanda kwenda Uru, nikakata jani kwenye mpaka wa kihamba kile kile, nikalipeleka jikoni, siyo barazani. Mama mdogo alikuwa anamenya ndizi. Alitazama jani, akanitazama, akafuta mikono yake kwenye kanga taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta muda. Nilimwambia kwamba nilimkosea siku niliyosaini. Alilipokea, akaliweka juu ya meza kando ya ndizi, akasema, "Hukunikosea peke yako, mwanangu. Lakini wewe umekuja." Kisha akarudi kumenya ndizi, na hakuna mmoja wetu aliyezungumza tena kwa muda.

Jani lile ndilo lililofungua kikao. Nilimweleza baba mkubwa kwamba nimepeleka isale na limepokelewa, na kwa mtu wa umri wake hilo lilikuwa na uzito ambao vifungu vya sheria nisingeweza kuvipa, kwa kuwa kosa lililoombewa isale ni kosa lililokiriwa, na kosa lililokiriwa lazima lisuluhishwe. Alikubali jambo liletwe mezani mwezi Desemba, wakati watu wote wamepanda nyumbani kwa Krismasi. Niliomba jambo moja zaidi, kwamba mama mdogo na shangazi wakae barazani nasi. Alinyamaza sana kabla ya kukubali.

Kikao kile kilichukua saa nne. Baba mdogo mwingine, anayeishi Machame kwa wakwe zake kwa sababu ya biashara, alianza kwa methali ambayo nilijua itakuja: mwacha mila ni mtumwa. Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi nimelelewa na methali hiyo na ninaiamini, na ndiyo maana nilikuja na isale. Lakini nikamwuliza kama kuna utumwa mkubwa kuliko kuomba ruhusa ya kukata mti ulioupanda kwa mikono yako. Baba mkubwa hakunipinga kwa hasira. Alisema jambo ambalo bado ninaliona kuwa hoja nzito kuliko zote zilizosemwa siku ile: "Mwanangu, hawa ni watoto wetu, tunawapenda. Lakini binti akiolewa mbali, ardhi inamfuata. Kesho kutwa mtu nisiyemjua atafunga geti, na mimi nitashindwa kwenda kwenye kaburi la baba yangu." Macho yake yalikuwa yameelekea kwenye makaburi wakati anasema hivyo. Asiyezika wazazi wake shambani hawezi kuuelewa woga ule, na mtu anayekuja kuipinga mila yetu bila kuuelewa atafukuzwa, na itakuwa haki yake.

Aliyemjibu ni shangazi, dada yake wa damu, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno kwenye kikao chochote, kwa kuwa hakuwahi kuitwa. Alizungumza akiwa amekaa, mikono yake juu ya fimbo, bila kupandisha sauti. "Kaka, nilipofiwa na mume wangu, nilikoolewa waliniambia kwenu ni Uru. Nikaja hapa. Wewe mwenyewe ukaniambia, dada, kwako ni kule ulikoolewa. Nimepanga chumba Majengo miaka kumi na sita. Sasa naomba mniambie leo, mbele ya watoto, kwetu ni wapi, ili nikifa wajue pa kunipeleka."

Hakuna aliyejibu. Kwa kweli hakuna jibu, na hapo ndipo utaratibu mzima unapofichuka. Kila ukoo unasema binti atapata kwa mume, na kila ukoo wa mume unasema mjane si wa damu yetu, kwa hiyo kila ukoo unaonekana una hoja, na mwanamke anabaki barabarani kati ya vihamba viwili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisikia hoja ya binti ataolewa mara mia, na sikuwahi kuifuata hadi mwisho wake nione inapomfikisha mtu.

Baba mkubwa aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda. Aliporudi alisema tuandike upya. Tuliandika kwamba kihamba kitakuwa cha mama mdogo, na baada yake cha mabinti watatu kwa usawa. Kwamba eneo la makaburi na njia ya kufika huko vitabaki vya ukoo wote daima, hata ardhi ikiwa mikononi mwa nani. Na kwamba ikitokea kuuza, ukoo uambiwe kwanza na upewe nafasi ya kununua. Safari hii waliosaini walikuwa kumi na watatu, wawili kati yao wakiwa wanawake, na shangazi alitia dole gumba. Yule baba mdogo aliyetaja methali hakusaini. Alichukua kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo tunasalimiana misibani tu. Linaniuma, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na sina hakika kwamba ninajua namna ya kulitengeneza. Mtendaji wa kijiji aligonga muhuri wiki iliyofuata, na maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la mama mdogo yakapelekwa kwa halmashauri ya kijiji.

Sikuridhika na kila kitu. Lile sharti la kuuambia ukoo kabla ya kuuza limewekwa kwenye kihamba cha wanawake, na hakuna kikao kilichowahi kuliweka kwenye vya wanaume, ambao ndio wanaouza. Nimelisema hilo kwa baba mkubwa, naye amesema tulilete Desemba nyingine. Na shangazi bado amepanga Majengo. Lake halijaandikwa popote, ingawa mwezi Januari baba mkubwa alishuka mjini kumtembelea, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa miaka mingi, na alimpelekea mkungu wa ndizi na galoni ya mbege.

Mwanzoni mwa Machi, kabla mvua hazijashika, nilipanda Uru kuwasalimu. Nilipokuwa bado njiani, chini ya kona ya kanisa, nilisikia msumeno wa injini ukilia kutoka upande wa mfongo, nikaharakisha nikidhani kuna mtu ameingia shambani. Nilimkuta mama mdogo amesimama na kilemba chake, akimwelekeza fundi mahali pa kukatia magogo, na mabinti wawili wakikusanya matawi ya kuni. Migrevilea ilikuwa imelala chini, unga wa mbao umeenea juu ya majani ya migomba. Aliponiona alicheka, akanyoosha mkono kunisalimu.

"Nimeangusha miwili," alisema. "Mmoja wa bati, na mmoja wa kumalizia choo. Kaa, chai iko jikoni."